Seva tatu, mafundi wawili: jinsi taasisi moja ilivyochagua programu huria ya kuendesha mashine pepe

Taasisi ninayoizungumzia ilikuwa na seva tatu halisi, mashine pepe 38 (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) zilizogawanywa juu ya seva hizo, na mafundi wawili wa kuziangalia zote, mmoja wao akiwa ndiye pia anayeitwa printa inapokwama. Kwa miaka kadhaa mashine hizo ziliendeshwa na programu ya kulipia iliyofanya kazi yake vizuri kiasi kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kuibadilisha. Kisha ikaja barua iliyoeleza kwamba leseni ya kudumu haiuzwi tena, na kwamba msaada na masasisho yatapatikana kwa usajili wa kila mwaka tu, utakaohesabiwa kwa idadi ya viini vya prosesa. Karibu na wakati huohuo, kabati la diski ambalo seva zote tatu zililitumia kwa pamoja kupitia iSCSI, njia ya kufikia diski kwa mtandao, lilikuwa limebakiza miezi michache ya dhamana. Mambo hayo mawili yalikutana katika bajeti moja, na nilipoitwa kutoa ushauri nilikuta uongozi umekwisha kuliandika swali lake: kati ya programu huria zilizopo, ipi ni bora?

Niliomba swali hilo libadilishwe kabla ya kulijibu. Haipavaiza, yaani ile sehemu inayogawa prosesa na RAM kwa mashine nyingi, ni teknolojia iliyokomaa, na tofauti ya kasi kati ya programu mbili nzuri za aina hiyo ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na diski mbovu au mtandao uliopangwa ovyo. Mambo yanayozitenganisha programu hizi katika matumizi ya kila siku ni mengine: diski za mashine pepe zinakaa wapi, nakala rudufu inarudishwaje, na seva moja ikizima saa nane usiku, fundi aliye peke yake anatakiwa kujua nini ili huduma zirudi. Kwa hiyo tulianza na hesabu ya vitu vilivyokuwapo, na majina ya programu yakasubiri.

Hesabu

Kila seva ilikuwa na prosesa mbili, RAM ya gigabaiti 256, nafasi sita za diski, matundu mawili ya mtandao wa gigabiti 10 na mengine mawili ya gigabiti 1. Seva mbili zilikuwa za kizazi kimoja cha prosesa, na ya tatu ilikuwa ya zamani zaidi. Jumla ya RAM iliyogawiwa mashine 38 ilikuwa gigabaiti 410. Hesabu muhimu hapa ni ile ya siku mbaya: seva moja ikifa zinabaki mbili zenye gigabaiti 512 kwa pamoja, na ukitoa sehemu ya mfumo wenyewe na ya akiba ya diski, 410 bado zinaingia, ingawa kwa kubanana. Laiti hesabu hiyo ingeshindikana, mjadala wote uliofuata ungekuwa ni kutwanga maji kwenye kinu, kwa maana hakuna programu, huria au ya kulipia, inayoweza kuwasha mashine mahali ambapo hakuna RAM.

Data iliyotumika ilikuwa terabaiti 11. Kati ya hizo, seva ya mafaili peke yake ilikuwa na diski moja pepe ya terabaiti 3.4. Naomba msomaji aikumbuke namba hiyo, kwa sababu itarudi.

Mashine pepe 26 zilikuwa za Linux na 12 za Windows Server. Jambo hili halikumgusa mtu yeyote kwenye kikao cha kwanza, lakini ndilo lililonifanya niwaonye mapema kwamba kuondoa leseni ya haipavaiza hakuondoi leseni za mifumo inayoendeshwa juu yake. Windows Server hulipiwa kwa viini vya seva halisi, na mashine yake ikiwa inaweza kuhamia seva nyingine, seva hiyo nayo inahitaji kuwa na leseni ya kutosha. Mhasibu, ambaye alikuwa amekwisha kufuta mstari mzima wa leseni kwenye jedwali lake, aliurudisha kimyakimya.

Wagombea

Orodha ya kwanza ilikuwa ndefu, lakini ilipungua haraka. OpenStack, iliyoanzishwa mwaka 2010 kwa ushirikiano wa NASA na Rackspace, ni kazi kubwa na ya kuheshimika, ila imetengenezwa kwa ajili ya wanaoendesha mamia ya seva na kuwauzia au kuwagawia wengine. Kwa mafundi wawili ni sawa na kukodi meli kuvuka mfereji. CloudStack ni nyepesi kuliko hiyo, lakini nayo inajibu swali la mtoa huduma mwenye wateja wengi, na taasisi hii haikuwa na swali hilo. oVirt ilikuwa na sifa zote zilizotakiwa kwenye karatasi. Hata hivyo, Red Hat, aliyekuwa mchangiaji wake mkubwa, alikwisha kutangaza kwamba toleo la 4.4 la bidhaa yake iliyojengwa juu ya oVirt ndilo la mwisho, na sikuona busara ya kumtoa mtu kwenye programu iliyobadilisha masharti na kumpeleka kwenye programu ambayo mlezi wake anaaga. Njia ya kutumia KVM, haipavaiza iliyo ndani ya Linux, na libvirt, zana ya kuisimamia, moja kwa moja juu ya Linux ya kawaida ilipendwa sana na fundi wa pili, kijana hodari wa mstari wa amri. Nilimuuliza swali moja tu: akiwa likizo, mwenzake atazisoma hati zake za amri kwa muda gani kabla ya kurudisha mashine iliyoanguka? Alicheka na kuiondoa mwenyewe.

Zilibaki mbili: XCP-ng na Proxmox VE. Nyuma ya majina hayo kuna nasaba mbili tofauti.

Wazo la kuendesha mifumo mingi juu ya mashine moja ni la zamani; IBM walikuwa nalo kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960. Prosesa za x86 ndizo zilizochelewa, kwa kuwa baadhi ya amri zake zilikuwa hazinaswi pale mfumo mgeni, yaani ule ulio ndani ya mashine pepe, unapozitumia bila ruhusa. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge na kuelezwa katika makala ya mwaka 2003, ililizunguka tatizo hilo kwa kuurekebisha mfumo mgeni ili ujue kwamba hauko juu ya mashine halisi na uombe huduma kwa haipavaiza kwa adabu. Miaka miwili baadaye Intel walitoa prosesa zenye VT-x, na mwaka 2006 AMD wakafuata na teknolojia yao, hivyo kunasa amri hizo kukawa kazi ya prosesa yenyewe. Hapo ndipo Avi Kivity na wenzake wa kampuni ya Qumranet walipoona kwamba hakuna haja ya kuandika haipavaiza nzima upya, kwa vile kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo huo, tayari inajua kupanga kazi za prosesa na kugawa RAM. Moduli yao, KVM, iliingia kwenye kerneli toleo la 2.6.20 mwanzoni mwa mwaka 2007, ikishirikiana na QEMU ya Fabrice Bellard katika kuigiza vifaa vingine kama kadi za mtandao na vidhibiti vya diski.

Historia hii ina matokeo yanayoshikika. Katika Xen, haipavaiza ni safu nyembamba inayowaka kabla ya mfumo wowote, na juu yake kuna mashine maalumu yenye mamlaka, Dom0, inayoshughulikia draiva na usimamizi. Katika KVM, Linux yenyewe ndiyo haipavaiza, na kila mashine pepe ni mchakato wa kawaida ambao fundi anaweza kuuona kwa amri anazozijua. Wapenzi wa usalama huipenda Xen kwa wembamba wake, na ndiyo sababu Qubes OS, mfumo wa kompyuta unaotanguliza usalama, imejengwa juu yake. Kwa upande mwingine, Amazon, walioanza biashara yao ya wingu juu ya Xen, walitambulisha mwaka 2017 mfumo wao wa Nitro wenye haipavaiza iliyotokana na KVM. Sitoi mfano huo kama hukumu. Ninautoa kwa sababu fundi mkuu alikuwa ameuleta mezani kama hukumu, na ilinibidi nimkumbushe kwamba sababu za Amazon si sababu za watu wenye seva tatu.

XCP-ng ilizaliwa mwaka 2018, baada ya Citrix kuondoa vipengele kadhaa kwenye toleo la bure la XenServer, bidhaa yake iliyojengwa juu ya Xen, mwishoni mwa mwaka 2017. Kampuni ya Kifaransa ya Vates, iliyokuwa tayari inatengeneza kiolesura cha Xen Orchestra, ilichukua msimbo uliokuwa wazi na kuuendeleza. Proxmox VE inatoka Vienna, Austria, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2008, imejengwa juu ya Debian, na inaunganisha KVM kwa mashine pepe na LXC kwa kontena (mazingira mepesi yanayotumia kerneli moja na seva yenyewe) chini ya kiolesura kimoja cha wavuti. Msimbo wake uko chini ya leseni ya AGPL toleo la 3.

Mimi binafsi nilikuwa nimeegemea XCP-ng. Namna Xen Orchestra inavyopanga nakala rudufu inanivutia, na mgawanyo wake kati ya haipavaiza na usimamizi ni safi. Kilichonigeuza ni ile namba. Hifadhi ya kawaida ya XCP-ng tuliyoijaribu ilitumia muundo wa VHD, ambao kikomo chake kwa diski moja pepe ni tebibaiti 2 (kama terabaiti 2.2), na seva ya mafaili ilikuwa na diski ya terabaiti 3.4. Njia za kukwepa zipo: kugawa diski hiyo vipande viwili na kuviunganisha ndani ya mfumo mgeni, au kuitoa nje ya mashine pepe na kuiweka kwenye hifadhi ya mtandao. Zote zinafanya kazi. Zote pia zinaacha kitu cha kuelezwa kwa fundi ajaye, ambaye siku moja atajikuta anarudisha kipande kimoja kutoka kwenye nakala ya Jumatatu na kingine kutoka ya Jumanne. Muundo wa diski kwa XCP-ng ulikuwa unaendelea kufanyiwa kazi wakati huo, na sisemi kwamba anayechagua leo afuate hoja hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba kwa taasisi hii, kwa wakati ule, kikomo kile kilikuwa ukuta.

Hifadhi, palipokuwa na ugomvi

Proxmox VE ilipopita, mafundi wote wawili walidhani kazi ya kuchagua imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, maana programu hiyo inaruhusu aina nyingi za hifadhi, na zile mbili zilizotufaa zinapelekea maisha tofauti kabisa.

Ya kwanza ni Ceph, iliyotokana na utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Ceph huzichukua diski za seva zote na kuzifanya bwawa moja. Kila kipande cha data huwekwa nakala tatu juu ya seva tofauti, na mashine pepe ikihama kutoka seva moja kwenda nyingine diski yake haihitaji kuhama, kwa kuwa inafikika kutoka kote. Ya pili ni ZFS, iliyoanzia Sun Microsystems na kuendelezwa sasa kama OpenZFS. Hii hukaa ndani ya kila seva peke yake, ikikagua kila kipande cha data kwa namba ya uthibitisho, na Proxmox VE inaweza kuituma tofauti iliyoongezeka kwenye seva jirani kwa ratiba, ambayo kwa kawaida ni kila dakika 15.

Fundi mkuu alitaka Ceph, na hoja zake hazikuwa za kubezwa. Diski zilizokusudiwa kununuliwa zilikuwa sita za SSD kwa kila seva, kila moja terabaiti 3.84, yaani terabaiti 23.04 kwa seva na 69.12 kwa jumla. Kwa Ceph yenye nakala tatu, zinabaki 23.04, na kwa kuwa mfumo wenyewe huanza kuonya diski zinapofika asilimia 85, nafasi halisi ni kama terabaiti 19.6. Kwa ZFS, ukizipanga diski jozijozi kwa kuakisiana, kila seva inabaki na 11.52, zote tatu 34.56; na kwa kuwa kila mashine inahitaji nakala yake kwenye seva ya pili, unagawanya tena kwa mbili na kupata 17.28, ambazo sipendi zijazwe kupita asilimia 80, yaani terabaiti 13.8 hivi. Kwa ujazo, Ceph ilishinda waziwazi. Ilishinda pia kwenye upotevu: seva ikifa ghafla, Ceph haipotezi chochote kilichokwisha kuthibitishwa kuandikwa, ilhali ZFS ya kutuma kwa ratiba inaweza kupoteza hadi dakika 15 za kazi.

Nilipinga, na sababu zangu zilikuwa tatu, ingawa uzito wake haulingani. Ndogo zaidi ilikuwa RAM: kila diski ndani ya Ceph ina mchakato wake ambao kwa mpangilio wa kawaida hulenga kutumia gigabaiti 4, hivyo diski sita zingechukua 24 kwenye kila seva, na hesabu yetu ya siku mbaya ilikuwa tayari imebana. Ya pili ilikuwa mtandao. Ceph inapoandika inasubiri seva nyingine zikubali, na kwa hiyo mtandao unakuwa sehemu ya diski. Taasisi ilikuwa na swichi moja tu ya gigabiti 10, na siku swichi hiyo ikifa, mashine zote 38 zingesimama hata kama seva zote tatu ni nzima. Fundi mkuu alijibu vizuri kwamba seva tatu zinaweza kuunganishwa moja kwa moja kwa nyaya, kila moja kwa nyingine mbili, bila swichi kabisa. Ni kweli, na wapo wanaofanya hivyo, ila mpango huo unameza matundu yote mawili ya gigabiti 10.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito. Ceph yenye seva tatu na nakala tatu haina pa kukimbilia. Seva moja ikiondoka, zinabaki nakala mbili, na hakuna seva ya nne ya kujenga nakala ya tatu. Mfumo unaendelea kufanya kazi kwa kuwa kikomo cha chini cha kawaida ni nakala mbili. Diski moja zaidi ikileta hitilafu kabla ya seva ile kurudi, sehemu ya data inabaki na nakala moja, na Ceph, kwa tahadhari ambayo ni sahihi, inazuia kusoma na kuandika kwenye sehemu hiyo. Mtu anayeijua Ceph ataelewa kinachotokea na kuchukua hatua. Asiyeijua ataona mashine zimeganda, atawasha upya kila kitu, na kugeuza hitilafu kuwa msiba. Niliwaomba wafikirie kwamba tukio hilo linatokea siku fundi mkuu yuko safarini. ZFS ikileta shida, shida hiyo iko ndani ya sanduku moja, na mwenye kulirekebisha anaweza kuelekezwa kwa simu.

Mkurugenzi, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, aliuliza ni huduma zipi zisizoweza kuvumilia kupoteza dakika 15. Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Jibu lilikuwa moja: hifadhidata ya malipo, iliyokuwa ikiendeshwa na PostgreSQL. Seva ya mafaili, tovuti, barua, mashine za majaribio, zote zingevumilia. Basi tuliamua hifadhidata hiyo iwekewe mashine pepe mbili juu ya seva mbili tofauti, na PostgreSQL yenyewe ipeleke kila badiliko kutoka moja kwenda nyingine na isithibitishe malipo kabla mashine ya pili haijapokea. Huduma moja ikapata ulinzi mkali kwa njia ambayo mafundi walikuwa tayari wanaijua, na nyingine zote zikabaki na ratiba ya dakika 15. ZFS ilipita kwa makubaliano, ingawa fundi mkuu aliomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba seva ya nne ikipatikana, Ceph itajadiliwa upya. Iliandikwa.

Tahadhari mbili zilifuata. Vidhibiti vya RAID, vinavyounganisha diski kadhaa zionekane kama moja, vilivyokuwa ndani ya seva vilibidi kubadilishwa kuwa katika hali ya kupitisha diski moja kwa moja, kwani ZFS inataka kuiona kila diski yenyewe, si diski iliyofichwa nyuma ya kidhibiti. Na diski zilizoagizwa zilikuwa za daraja la seva, zenye kinga ya umeme kukatika ghafla, maana diski za kompyuta za kawaida huchoka upesi chini ya kazi hii na huwa nzito mno pale hifadhidata inapodai uthibitisho wa kila uandishi.

Kuhama

Seva moja ilimwagwa kwanza, mashine zake zikabebwa na zile mbili, kisha ikawekewa Proxmox VE. Utaratibu huo una mtego wa akidi. Klasta ya Proxmox VE, yaani kundi la seva zinazosimamiwa kama kitu kimoja, huamua mambo kwa kura: wajumbe watatu wanahitaji kura mbili, lakini wajumbe wawili nao wanahitaji kura mbili, yaani mmoja akianguka aliyebaki hawezi kuwasha mashine yoyote wala kubadilisha mpangilio. Katika wiki ambazo klasta ilikuwa na seva mbili tu, kura ya tatu ilitolewa na huduma ndogo iliyowekwa kwenye seva ya nakala rudufu, na seva ya tatu ilipojiunga kura hiyo ya kuazima ikaondolewa. Pia seva inayojiunga na klasta haitakiwi kuwa na mashine pepe ndani yake. Mafundi walikuwa wamekwisha kuweka mbili za majaribio kwenye seva ya pili, wakalazimika kuzitoa.

Mashine za Linux zilihama bila maneno, nyingi zikihitaji tu kurekebishiwa jina la kadi ya mtandao. Za Windows zilisumbua. Ya kwanza iliwaka na skrini ya buluu, ikidai haioni diski ya kuanzia, kwa kuwa Windows haina draiva za virtio (vifaa pepe vyepesi vinavyotumiwa na KVM) kwa asili yake, na hata ukiziweka haizipakii wakati wa kuwaka mpaka iwe imewahi kukiona kifaa cha aina hiyo. Tiba yake ni ya ajabu kidogo lakini haijawahi kuniangusha: mashine inawashwa kwanza kwa kidhibiti cha SATA, inaongezewa diski ndogo tupu ya virtio, draiva zinawekwa, Windows inaiona diski ile tupu, kisha mashine inazimwa na diski kuu inahamishiwa virtio. Zote 12 zilipita njia hiyo.

Kizazi cha prosesa nacho kilidai chake. Ukiipa mashine pepe aina ya prosesa iitwayo host, inapata amri zote za prosesa halisi na kasi yake ni nzuri, lakini ikiwa imewaka juu ya seva mpya na ukaihamishia seva ya zamani bila kuizima, inaweza kuanguka pale itakapotafuta amri ambayo haipo. Tulizipa zote aina ya x86-64-v2-AES, ambayo seva zote tatu zinaimudu, tukapoteza kidogo kwenye kasi ambacho hakuna aliyekigundua.

Usiku wa tisa baada ya klasta kukamilika, saa nane na dakika chache, seva mbili kati ya tatu zilijizima na kujiwasha zenyewe. Asubuhi fundi wa pili aliniandikia kwamba programu huria ndiyo hiyo, imeanza. Rekodi za mfumo zilisema vingine. Mawasiliano ya akidi, yanayobebwa na Corosync, yalikuwa yamewekwa kwenye nyaya zilezile za gigabiti 10 zilizobeba nakala rudufu. Saa nane kazi ya nakala ilianza kwa mashine nyingi kwa pamoja, njia ikajaa, ujumbe wa Corosync ukachelewa, na seva zikadhani zimetengwa na wenzao. Corosync haihitaji njia pana, inahitaji njia isiyo na foleni. Waandishi wa Proxmox VE wanashauri ucheleweshaji ubaki chini ya milisekunde 5. Kwa kuwa huduma ya kufufua mashine ilikuwa imewashwa, kila seva iliyojiona haina akidi ilifanya lililo sahihi: ilisubiri sekunde 60 kisha ikajizima kwa nguvu, ili mashine yake isije ikawaka mahali pawili kwa wakati mmoja na kuharibu data.

Kosa lilikuwa letu, na kwa sehemu kubwa langu, kwa sababu mchoro wa mtandao niliupitisha mimi. Matundu ya gigabiti 1 yalikuwapo tangu siku ya kwanza yakiwa yamekaa bure. Corosync ilihamishiwa huko kupitia swichi yake ndogo, nyaya za gigabiti 10 zikabaki kama njia yake ya pili ya dharura, na kasi ya nakala rudufu ikawekewa kikomo. Tukio hilo halijarudi.

Nakala rudufu na usajili

Nakala zinachukuliwa na Proxmox Backup Server juu ya mashine ya nne iliyo chumba kingine. Programu hiyo huvunja diski katika vipande, huvitambua kwa namba ya SHA-256 na kuhifadhi kila kipande mara moja tu, hivyo mashine 26 za Linux zinazofanana sana hazijazi nafasi. Niliweka sharti moja ambalo mafundi waliliona la kiutawala mno: kila mwezi mashine moja, ichaguliwe kwa kura, irudishwe kutoka kwenye nakala na iwashwe bila mtandao. Mwezi wa pili kura iliangukia mashine ambayo nakala yake haikuwa ikichukuliwa kabisa, kwa kuwa mtu alikuwa amesahau kuitia kwenye ratiba.

Kuhusu malipo, Proxmox VE haina kipengele kilichofungwa kwa asiyelipa. Anayelipa usajili, unaohesabiwa kwa soketi ya prosesa, hupata ghala la vifurushi vilivyojaribiwa zaidi, na msaada kutegemea daraja. Asiyelipa hutumia ghala lingine na huonyeshwa ujumbe wa kumkumbusha kila anapoingia. Wapo waliotaka wasilipe chochote, wakisema ndiyo maana ya uhuria. Mimi nilishauri wasajili soketi zote sita kwa daraja lenye msaada. Hoja yangu haikuwa shukrani, ingawa shukrani haidhuru. Ilikuwa kwamba mafundi wawili wanahitaji mtu wa tatu wa kuuliza, na masasisho yanayopita kwanza kwa watu wengine ni bima ya maana kwa klasta ambayo haina klasta ya majaribio. Uongozi ulikubali.

Hadi ninapoandika, mashine 37 zimehama. Ya 38 ina programu ya zamani ya kusimamia milango, ambayo leseni yake imefungwa kwenye utambulisho wa vifaa. Tuliipelekea utambulisho uleule wa ubao na anwani ileile ya kadi ya mtandao, lakini bado ilidai kuthibitishwa upya na mtengenezaji, na mtengenezaji hajibu tena barua. Kwa hiyo seva moja kuukuu ilitolewa stoo, ikawekewa haipavaiza ya zamani ambayo leseni yake ya kudumu bado ni halali bila masasisho, ikaunganishwa kwenye tundu moja la swichi lililotengwa na mtandao mwingine wote, na juu yake fundi wa pili amebandika karatasi yenye maneno mawili: usizime.